Jino la Kiboko na Daktari Mgeni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na zahanati yao kando ya mto, walisikia daktari mpya anakuja. Wote wakatoka kumtazama. Kumbe ni Kindi! Kadogo, mkia mkubwa kuliko mwili, mkoba wa dawa begani.

"Huyu ndiye daktari?" Nyati alicheka. "Huyu labda atibu viroboto!"

Kindi aliumia moyoni, lakini alitabasamu tu.

Mara akasikia, "Uuuwi! Jino langu! Uuuwi!"

Alikuwa Kiboko, amejilaza mlangoni mwa zahanati, shavu limevimba. Madaktari wote waliotangulia aliwatimua. Na sasa hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Pembeni alisimama Mama Digidigi, mtoto wake anachemka homa, na dawa ya homa imo ndani.

"Shikamoo, mzee," alisema Kindi.

"Marahaba. Nipe dawa ya maumivu uende zako. Ukiligusa jino langu, nakukanyaga uwe chapati!"

Kindi alilitazama lile jino. Limeoza, dawa yake ni koleo tu. Akamtazama mtoto wa Digidigi, anahema haraka haraka. Akaona huruma, na akili ikamjia. Akapiga makofi, pa!

"Haa! Kumbe ni mtani wangu!"

"Mtani?"

"Babu zetu si waligombania huu ukingo wa mto? Wakapigana, wakachoka, wakapatana, wakawekeana utani. Tangu hapo kindi humtania kiboko, humchukulia vitu vyake, na kiboko hakasiriki. Au mzee kwenu hamkufundishwa mila?"

Wanyama wote wakamgeukia Kiboko. Maskini, hakuwahi kusikia jambo hilo, maana Kindi alikuwa amelitunga pale pale. Lakini akiri kwamba hajui mila za wazee wake, tena mbele ya Nyati? Thubutu!

"Nisijue mimi?" alifoka. "Utani wa kindi na kiboko nimelelewa nao!"

"Basi mtani, hilo ni tumbo au umehama na ghala la kijiji? Na hivyo visikio, mama yako aliishiwa udongo akikufinyanga?"

Kwa! kwa! kwa! Nyati akaanguka chini kwa kicheko. Kiboko akajizuia, akajizuia, wapi! Kinywa kikafunguka chote, "Haaa haa haaa!"

Kindi akaruka, ruu! mpaka kinywani, koleo mkononi. Ng'wa! Jino likatoka.

"Eeeewe!" Kiboko akainua mguu amkanyage.

Moyo wa Kindi ulipiga ndu ndu ndu, lakini aliliinua jino juu. "Mtani, nimechukua changu!"

"Mtani hakasiriki!" wanyama wakapiga kelele. "Si umesema umelelewa nao?" akaongeza Nyati.

Mguu ukabaki hewani. Kisha ukashuka polepole. Kiboko akapapasa ufizi kwa ulimi, huku na huku.

"He! Hapaumi tena!"

Akacheka kwa raha, akainuka, akaupisha mlango. Mama Digidigi akaingia mbio, na kabla ya jua kuzama mtoto alikuwa ananyonya. Foleni ya kumwona Daktari Kindi ilifika mpaka mtoni, na wa kwanza kupanga alikuwa Nyati. Kindi alifurahi mpaka mkia ukamsimama wima.

Basi wanangu, hadithi nimeitua hapa: anayejifanya anajua kila kitu hung'olewa jino huku anacheka.