Mihuri ya Bwana Ngwilizi

Bwana Ngwilizi alitaka kituo kipya cha treni ya mjini kijengwe mbele ya hoteli yake, na vibanda vya kina mama wakaanga samaki vibomolewe. Akamwita Mashavu, mtathmini aliyepewa na kamati ya mji kazi ya kupima madhara ya kituo hicho.

"Ripoti yako iseme hakutakuwa na foleni," alifoka.

"Na bodaboda za kuwasubiri abiria, mzee?"

"Hazitakuja. Andika!"

"Vumbi?"

"Hakuna."

"Kelele za watu?"

"Hata chafya! Andika!"

Mashavu akaandika. "Na takataka? Abiria hula miwa, mzee, wakatupa makapi."

"Hakutakuwa na abiria wa kula miwa!"

"Wa machungwa je?"

"Hakuna!"

"Na wale wasiokula kitu?"

"We binti, nimesema hakuna! Unataka kuniharibia?"

"La, mzee. Basi nigongee mhuri wako kila ukurasa, nisije nikaambiwa nimetunga."

Ngwilizi akagonga mihuri kwa nguvu mpaka chai ikamwagika.

Siku ya kikao, mwenyekiti wa kamati alisoma ripoti yote, akavua miwani.

"Bwana Ngwilizi, mihuri hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Kila neno humo ni kweli tupu."

"Tunakushukuru. Kituo kisicho na abiria hata mmoja tukijenge cha nini? Basi kitajengwa sokoni, si mbele ya hoteli yako."

Ngwilizi akamgeukia Mashavu. "Umenimaliza!"

"Mzee wangu, si nilikuuliza mpaka wa machungwa?"