Fundo la Vazi la Nyati

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa bado wanapiga hodi kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu, moto ulishuka kutoka mlimani ukala nyika nzima. Ulipozimika, watoto wengi hawakuwa tena na wa kumwita mama.

Basi palikuwa na ndege mdogo wa njano, jina lake Bi Mnana. Kazi yake ilikuwa kufuma. Mnawajua akina mnana, wanangu. Nyumba zao huzifuma kwa mdomo na hazivuji. Bi Mnana akawaokota watoto wale akawaweka kwenye kibanda chake chini ya mlima. Palikuwa na kitungule, mtoto wa sungura. Palikuwa na nguchiro mdogo aliyeungua sikio. Na palikuwa na Tunu.

Tunu alikuwa mtoto wa digidigi, miguu myembamba kama njiti za ufagio. Haongei sana. Akipewa chakula, anatazama kwanza kama wenzake wamepata.

Baridi ya kipupwe ikaanza kunusanusa mlangoni, na Bi Mnana hana pamba. Siku moja jirani yake Kindi akateremka mtini, paraparapara.

"Hodi, Bi Mnana."

"Karibu. Usinikanyagie watoto."

"Unawaza blanketi, najua. Mimi nimeshawaza pamba itatoka wapi."

"Pamba ni ya wakubwa, na nimeshawaomba," alisema Bi Mnana. "Kiboko alipiga miayo mpaka nikaona alichokula juzi."

"Kosa lako ni hilo, kuomba. Mkubwa haombwi, anauziwa sifa." Kindi akakaa juu ya mkia wake. "Tufungue duka la mavazi. Kila vazi liwe moja tu duniani, lisilo na pili yake. Na kila vazi liwe na chapa."

"Chapa gani?"

"Unyayo wa mtoto. Mtoto anachovya mguu kwenye udongo mwekundu, anaukanyagia kwenye ukosi. Mwenye vazi hilo ndiye mlezi wake. Analeta pamba ya vazi lake, nalo likiwa tayari analeta pamba ya blanketi la mtoto."

"Na akichukua lake asilete la mtoto?"

"Fundo la mwisho anafunga nani?"

"Mimi fundi."

"Basi," alisema Kindi.

Ngoja niwaeleze hapo. Kitu cha kufuma huanzwa kwa fundo, lakini kinachokishika ni fundo la mwisho. Bila fundo hilo, ukivuta uzi, kinafumuka chote. Desturi ya mafundi ilikuwa kulifunga siku mwenye kitu anapotimiza ahadi. Kabla ya siku hiyo, ncha ya uzi huchomekwa mwiba tu, ikae.

Kindi hakulala na habari hiyo. Alimkuta Nyati anakula majani.

"Shikamoo, Mzee Nyati. Sijui kama nikwambie. Kuna vazi linafumwa kule, moja tu duniani. Kiboko analitaka."

"Kiboko?" Nyati akaacha kutafuna. "Kiboko ana shingo ya kuvaa nini? Mwambie Bi Mnana asishike uzi mpaka nifike."

Akamwendea Kiboko, akamwambia Nyati analitaka. Akamwendea Bi Twiga, akamwambia wanaume wawili wanagombea nguo wasiyo na urefu wa kuivaa. Kabla jua halijapinda, pamba ilikuwa imerundikana mlangoni kwa Bi Mnana kama wingu limeanguka.

Watoto wakachovya miguu. Kitungule akaukanyaga ukosi wa Twiga, nguchiro ukosi wa Kiboko. Tunu alipofikiwa alisita.

"Nitauchafua, mama."

"Kanyaga tu, mwanangu. Uchafu wako ndio uzuri wake."

Tunu akakanyaga ukosi wa Nyati, taratibu, kama anayekanyaga mgongo wa mtu aliyelala.

Bi Mnana akaanza kufuma. Vazi la Nyati lilikuwa kubwa mno, lilishuka kutoka mdomoni mwake likajaa kibanda. Tunu akajifunza kulala chini yake. Lilivyozidi kuwa refu, ndivyo naye alivyozidi kufunikwa, mpaka ikabaki pua. Bi Mnana akisikia anavyohema kwa raha, anapunguza kuvuta uzi, asimwamshe.

Mavazi yalikamilika. La Twiga lilikuwa na mistari ya rangi ya maganda ya mti, la Kiboko lilikuwa na mawimbi, la Nyati lilikuwa jeupe tupu lenye pindo jeusi. Wenyewe wakaja kuchukua. Mikono mitupu.

"Marahaba, marahaba," Nyati alisema kabla hajasalimiwa. "Liko wapi?"

"Hili hapa, Mzee. Na pamba ya Tunu?"

"Ipo nyumbani, imefungwa vizuri. Lakini Bi Mnana, pamba ya sadaka mtu anaileta hivi hivi, kwenye kibanda, anaona nani? Nitaikabidhi siku ya sherehe ya mavuno, mbele ya watu."

"Mzee, baridi haingoji sherehe."

"Mtoto ni wa kwangu au wa kwako? Si unyayo wake uko shingoni kwangu?"

Bi Mnana akamtazama Kiboko.

"Mimi siwezi kumtangulia mzee mwenzangu," Kiboko alisema. "Itakuwa kama namfundisha adabu."

"Na mimi nina maneno machache ya kusema siku hiyo," Twiga alisema huko juu. "Nikitoa leo, maneno nitayasema wapi?"

"Basi fundo sifungi," Bi Mnana alisema kwa sauti ndogo. "Nachomeka mwiba."

"Chomeka chochote," Nyati alisema. "Nani ataangalia fundo?"

Akalivuta vazi lake. Chini yake alikuwa amelala Tunu. Baridi ilipompata aliamka, akaona anayeondoka na blanketi ni mkubwa, akajisogeza pembeni ampishe.

"Samahani, Mzee," alisema.

Nyati hakusikia. Alikuwa anajitazama ubavuni.

Wanangu, kipupwe cha mwaka ule kilikuwa na meno. Bi Mnana aliwafunika watoto kwa mbawa, lakini bawa la mnana linafunika nini? Kindi aliwafunika kwa mkia wake, akabaki anatetemeka mwenyewe. Mzee Kobe wa jirani hakuwa na pamba wala manyoya. Alikuja bila kuitwa, akaligeuza gamba lake akaziba nalo mlango, akasimama hapo upepo ukimpiga yeye.

"Mimi sina cha kutoa," alisema. "Nina hiki cha kuzibia."

Watoto walimweka Tunu katikati, kwa sababu alikuwa mwembamba kuliko wote. Lakini kila wakisinzia, Tunu anamsukuma nguchiro katikati, kwa ajili ya lile sikio bovu, yeye anakwenda ukingoni. Asubuhi moja Bi Mnana aliwaamsha wale uji. Wakaamka wote, isipokuwa mmoja.

Walimzika nyuma ya kibanda. Kobe alichimba. Kindi akachomeka kijiti kichwani pa kaburi, kisha akakaa hapo.

"Niliwafundisha mimi kupenda kusifiwa," alisema.

"Uliwafundisha kutoa. Kungoja makofi walijifunza wenyewe," alijibu Bi Mnana. Alitaka kulia, lakini kitungule alikuwa anamtazama, akaacha.

"Sherehe ni lini?" Kindi aliuliza.

"Kesho."

"Fundo hujafunga?"

"Hata moja."

Kindi akainuka.

Kesho yake wakubwa walifika wamevaa. Ilikuwa lazima waanzie kibandani, maana walitaka yatima watembee nyuma yao, uwanja mzima uone nani kamlea nani. Pamba za sadaka zilikuwa zimetangulia uwanjani, zimewekwa juu ya jiwe penye jua.

"Shikamooni, wazee wangu," Kindi alisema. "Mmependeza. Lakini mna vumbi la njiani. Niruhusuni niwapanguse."

"Pangusa, bwana mdogo," alisema Nyati.

Kindi akapanda mgongo huu, akashuka mgongo ule, fyu, fyu, fyu. Mwiba mmoja chini, mwiba wa pili chini, mwiba wa tatu chini.

"Kitu gani kinanitekenya?" Kiboko aliuliza.

"Sifa, Mzee. Zikianza kuja huwa zinatekenya."

Ncha ya uzi wa Kiboko akampa nguchiro. Ya Twiga akampa kitungule. Akawanong'oneza, "Nyie viringeni tu, kama mnavyomviringia mama uzi. Msikimbie, msicheke." Ncha ya uzi wa Nyati hakumpa mtu. Aliifunga kwenye kile kijiti nyuma ya kibanda.

Nyati akageuka. "Mbona nyuma yangu hakuna? Mtoto wangu yuko wapi?"

Bi Mnana akatazama kule nyuma ya kibanda.

"Yupo, Mzee," Kindi alisema. "Siku hizi hatembei. Lakini amekushika. Wewe nenda tu."

"Basi na ashike," Nyati alisema, akashika njia.

Ngoma zikaanza, ndu, ndu, ndu. Nyati alikwenda mbele, Kiboko akafuata, Twiga akawa wa mwisho. Na kila hatua, uzi unatoka. Ngozi ya mkubwa ni nene, wanangu. Uzi wa pamba haiusikii.

Kiboko ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Aliona makalio ya Nyati yakitokeza chini ya pindo. Alifungua mdomo amwambie, akaufunga. *Hata simwambii,* alijiambia. *Acha afike hivyo hivyo. Nitabaki mimi peke yangu mwenye vazi.*

Twiga, huko juu, aliwaona wote wawili. Alitabasamu, akatazama mawingu. Yeye naye nyuma yake mistari ilikuwa inakwisha mmoja mmoja, na kitungule anaviringa, bonge la uzi limemzidi ukubwa, analisukuma kwa kifua.

Hivyo ndivyo walivyoingia uwanjani, kila mmoja akiringa kwa vazi lake na kumwonea mwenzake haya. Ngoma zikanyamaza. Nyani mmoja akacheka, kwekwekwe, kisha uwanja wote ukaangua kicheko.

"Mwenzangu, uko uchi," Kiboko alimwambia Nyati kwa huruma ya uongo.

"Mimi? Jitazame wewe."

Wote watatu wakajitazama. Walichobaki nacho ni ukosi tu, maana ukosi ndiko fundi anakoanzia, na fundo la kuanzia huwa limekazwa. Shingoni kwa kila mmoja kulikuwa na unyayo mdogo mwekundu.

Nyati akamwona Bi Mnana kwenye tawi.

"Mwizi wewe. Umeniuzia nguo isiyo na fundo."

"Fundo ulilikataa mwenyewe, Mzee."

Kwa aibu, Nyati akaliendea jiwe, akabeba mzigo wa pamba kwa pembe, akaubwaga chini ya tawi. "Pamba hiyo hapo. Haya, nifungie fundo mbele ya watu wote."

"Mimi sikuahidiwa kitu," alisema Bi Mnana. "Mpelekee uliyemwahidi. Uzi wako umelala njiani, ufuate. Yeye yuko mwisho wake."

Nyati alitaka kukataa. Lakini uwanja mzima ulikuwa unamtazama, na yeye alikuwa mnyama wa kutazamwa. Akaubeba mzigo, akaufuata uzi. Ulivuka mfereji, ukapita mlangoni alipokuwa bado amesimama Mzee Kobe, ukazunguka nyuma ya kibanda. Ukaishia kwenye kijiti.

Alisimama hapo. Udongo ulikuwa bado mbichi, na urefu wa kaburi lenyewe haukufika hata urefu wa uso wake.

"Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Ni Tunu," alisema Kobe, aliyekuwa amemfuata. "Ulimvua vazi, akakuomba samahani."

Nyati aliinama akauweka mzigo juu ya kaburi, polepole, akijaribu usije ukamlemea aliyelala chini. Hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Kisha akajivuta ukosi, auvue. Haukuvulika. Fundi alikuwa ameukaza vizuri.

"Bi Mnana, nikatie huu," alimwambia fundi, aliyekuwa amemfuata akatua juu ya paa la kibanda.

"Mimi nafuma tu, Mzee. Kukata sijui."

Akaondoka nao shingoni.

Alipokwisha kupotea machakani, Bi Mnana alitua juu ya mzigo wa pamba. Kindi alimwuliza kama ni vizuri kuchukua kilichowekwa kaburini.

"Tuchukue," alisema. "Aliyemo hasikii baridi tena. Na nguchiro ana lile sikio."

Siku ile ile alianza kufuma. Uzi ulikuwa tele: mabonge ya watoto, uzi wa njiani, na pamba ya juu ya lile jiwe la uwanjani ambayo Kiboko na Twiga waliitelekeza kwa kukimbia aibu. Kila mtoto alipata blanketi, na kila blanketi lilifungwa fundo. Likabaki bonge moja. Bi Mnana akafuma jingine, dogo, la upana wa digidigi, akalitundika mlangoni kwa ajili ya yeyote atakayekuja na baridi. Mpaka leo hajachoka kulitazama, wala hajawahi kulitazama bila machozi.

Hadithi yangu nimeifunga fundo hapo, na neno lake ni hili: sadaka inayongoja makofi humkuta yatima ameshazikwa.