Nungunungu na Printa ya Rangi Nne

Paukwa!

Pakawa!

Aa-a. Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba wakavimbiwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Hadithi ya leo si ya kuchekesha, nawaambia mapema. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize. Umemaliza? Vizuri.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana sola zilikuwepo na kompyuta zilikuwepo, palikuwa na bonde likiitwa Bonde la Mikwaju. Lina kijito. Lina kivuli. Lina udongo laini wa kuchimba. Humo waliishi wanyama wadogo wadogo: ngiri, kanga, sungura, kobe, digidigi, na wengine siwataji, tutakesha. Na katikati yao alikaa Bi Nungunungu, mwandishi wa barua.

Mwenye shida huenda kwake. Mwenye posa huenda kwake. Bi Nungunungu huchomoa mwiba mgongoni, huuchovya kwenye wino, kwaru-kwaru-kwaru, barua tayari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata asiyejua kusoma alisimama akautazama.

Siku moja likaja jambo. Kiboko alilitaka bonde. Lote! Akapeleka maneno kwenye Baraza la Nyika: "Bonde lile halina mwenyewe, nipeni mimi." Baraza likatoa tangazo. Kama bonde lina wenyewe, walete dai lao siku ya Alhamisi, kabla jua halijafika utosini. Kaya zote zitajwe kwa majina. Nakala tatu. Na liwe limechapwa kwa mashine. Maandishi ya mkono hayapokelewi. Asiyeleta, amehama.

Bi Nungunungu aliwasomea wenzake tangazo lile. Alipomaliza, wote wakamwangalia yeye.

"Kompyuta ninayo," akasema, "ile aliyoniachia binti yangu. Printa ndiyo sina."

"Basi tuchange," akasema Mzee Ngiri.

Wakachanga. Huyu karanga, huyu viazi, huyu asali, na wala haikuwa ya kwake. Bi Nungunungu akajitwisha mzigo, guu mosi guu pili, mwendo wa saa mbili, mpaka dukani kwa Ngedere. Mzee Ngiri akamsindikiza.

"Karibuni, karibuni! Shikamoo mzee. Mama yangu, nikuonyeshe nini?"

"Printa, baba. Ya kuweka nyumbani. Nina kazi ya karatasi."

Ngedere akaweka mbili juu ya meza. Ya kwanza nyeusi, nzito, sura yake kama sufuria lililoungulia. "Hii inachapa nyeusi tu, rangi haijui. Wino wake wa chupa, unamimina mwenyewe." Ya pili nyeupe, inang'aa, ina kioo kidogo usoni. Ngedere akaiwasha. Kriii-kriii, kachu! Ikatema picha ya ua jekundu. Mzee Ngiri mwenyewe akasema, "Loo!"

"Rangi nne," akasema Ngedere. "Nyeusi, nyekundu, buluu, njano. Katriji zake za wino hizi hapa, zimo ndani tayari. Na bei ni chini ya ile nyeusi."

Mzee Ngiri akakuna pua. "Mjukuu wangu, kizuri kiwe rahisi kuliko kibaya, kwa nini? Hizo katriji zikiisha, mpya bei gani? Na unazo?"

"Mzee! Mashine haijafika nyumbani, wewe unaiombea njaa?"

Mzee Ngiri akamgeukia mwenzake. "Mwanangu, dai letu ni maneno tu. Maneno meusi. Hizi rangi za nini?"

Bi Nungunungu alijua mzee amesema kweli. Aliijua kweli ile moyoni kabisa. Lakini akawaza: watu wamechanga mpaka karanga za mbegu, nikirudi na sufuria watanionaje? Si watasema Nungunungu amekula asali yetu?

"Mzee, tafadhali, usinitie aibu," akasema kwa sauti ya chini. Na kwa sauti ya juu akasema, "Nipe hiyo nyeupe."

Ah! Jamani. Ningekuwapo ningemshika mkono. Sikuwapo. Tuendelee.

Bondeni walipokelewa kwa vigelegele. Printa ikawekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa, ikafunuliwa, ikafunikwa tena. Mama Kanga, jirani wa mlango wa pili, akaja mbio na vifaranga wake kumi na wanne.

"Shoga, ndiyo yenyewe hii? Hebu nichapie wanangu hawa, picha moja tu, nikatundike."

Nyie mngemnyima? Jirani, na amechanga? Haya semeni. Mbona kimya? Basi na Bi Nungunungu hakuweza. Akawapiga picha kwa kompyuta yake, vifaranga wote, na nyuma yao maua ya manjano. Na printa ikasemaje?

Kriii-kriii, kachu!

Akaja Sungura na kanzu yake mpya. Moja tu, Bi mkubwa. Printa ikasemaje?

Kriii-kriii, kachu!

Akaja Digidigi anamwoza binti yake. Kadi arobaini tu, dada yangu, na pembeni uniwekee alizeti. Printa ikasemaje?

Kriii-kriii, kachu!

Sasa kwenye kile kioo kulikuwa na vitone vinne, kila rangi na kitone chake. Kitone cha njano kikawa kinashuka, kinashuka. Bi Nungunungu alikiona. Msidhani hakukiona. Akajiambia, "Dai letu ni jeusi, na nyeusi imejaa tele. Njano ikiisha mimi inanihusu nini?"

Na dai lenyewe je? Lilikuwa tayari tangu zamani, limebaki jina la kaya moja tu, ya Kobe, ng'ambo ya kijito. Kobe aliahidi kuleta majina ya watu wake Jumatatu. Kobe mnamjua. Alitokea Jumatano asubuhi, anahema, anaomba maji.

Bi Nungunungu akaandika majina ya akina Kobe, akasoma dai lote mara mbili, akabonyeza.

Kriii. Kimya. Kachu haikuja. Kwenye kioo pakaandikwa: *Njano imekwisha. Weka katriji mpya.*

"Njano siitaki," Bi Nungunungu akaiambia. "Chapa kwa nyeusi."

Akabonyeza tena. Kriii. Njano imekwisha. Akaizima, akaiwasha. Kriii. Njano imekwisha. Akaipuliza. Akaitikisa. Akaipiga kofi, halafu akaiomba radhi. "Karatasi tatu tu," akaibembeleza, "karatasi tatu, kisha nakuacha upumzike." Kriii. Njano imekwisha.

Watu wangu, nyeusi imejaa pomoni, kazi ni nyeusi tupu, na mashine inagoma kwa sababu haina njano! Msiniulize kwa nini. Si mimi niliyeiunda.

Bi Nungunungu akatoka mbio mpaka dukani. "Ngedere, baba yangu, nipe katriji ya njano."

"Namba ngapi?"

"Namba ya nini tena?"

"Kila printa na katriji yake, mama. Yako namba ngapi?"

"Si ile nyeupe uliyoniuzia wewe mwenyewe!"

"Nyeupe nimeuza nyingi. Chukua hii, nadhani ndiyo hii." Alipotaja bei, Bi Nungunungu alidhani ametajiwa bei ya mashine nzima. Akavua shanga za marehemu mama yake, akaziweka mezani bila kuzitazama.

Akafika nyumbani, akaifungua. Akaisukuma, haiingii. Akaigeuza, haiingii. Akachomoa ile kuukuu, akaziweka pamoja. Mpya imeandikwa sitini na mbili, kuukuu imeandikwa sitini na nne. Hapo akaketi chini, puu. Namba ilikuwa imeandikwa pale siku zote. Ni kuichomoa tu na kwenda nayo dukani, basi, na yeye mwandishi, msomaji wa bonde zima, hakusoma.

Akaibana katriji kuukuu kwenye meno, akarudi mbio. Duka limefungwa. Ngedere amekwenda harusini kwa Digidigi.

Akaketi mlangoni kwa Ngedere mpaka kukakucha, na hiyo ndiyo Alhamisi yenyewe. Ngedere akaja taratibu, macho mekundu, pilau bado kwenye ndevu.

"Sitini na nne," Bi Nungunungu akasema kabla hata ya salamu.

"Sitini na nne? Imekwisha. Na printa zenyewe zimekwisha zote. Mzigo unaingia wiki ijayo."

"Wiki ijayo sina pa kukaa, Ngedere."

"Basi subiri. Ninayo hii, tumeijaza upya hapahapa. Namba ni hiyohiyo." Bi Nungunungu akavua bangili, akaichukua, mguu niponye.

Bondeni wote walikuwa wanamngoja, wamezunguka meza. Akaiingiza. Ta! Ikakaa. "Imeingia!" wakapiga kelele. Mama Kanga akaanza kulia kwa furaha. Bi Nungunungu akabonyeza. Kriii-kriii, kriii-kriii... Mioyo juu juu. Kisha kioo kikaandika: *Katriji hii haitambuliki.*

Akabonyeza. Haitambuliki. Akaifuta kwa khanga, akairudisha. Haitambuliki. Mama Kanga akauliza, "Imesema nini, shoga?" Bi Nungunungu akavuta kidau chake cha wino. Akachomoa mwiba mgongoni. Kwaru-kwaru-kwaru, nakala ya kwanza. Kwaru-kwaru-kwaru, nakala ya pili, machozi yanadondoka na anayakwepesha na karatasi. Nakala ya tatu. Akazikunja, akakimbia barazani, na Mzee Ngiri nyuma yake anajikokota.

Jua lilikuwa halijafika utosini. Hilo nataka mlishike. Walifika na jua halijafika.

Karani wa Baraza ni Korongo, amesimama kwa mguu mmoja nyuma ya meza. Akazichukua karatasi, akazisoma zote, hakuharakisha.

"Mama," akasema, "mwandiko mzuri sana. Nasema kweli, miaka yangu yote hapa sijauona kama huu."

"Basi upokee, mwanangu."

"Tangazo si ulilisoma?"

"Nililisoma. Nimenunua mashine. Imenigomea. Kaya zote ziko humo, hata ya Kobe. Zihesabu. Sisi ni watu, tupo, njoo bondeni utuone!"

Korongo akainamisha shingo. Juu ya meza palikuwa na karatasi tatu nyingine, mistari imenyooka, wino mweusi ti. Dai la Kiboko.

"Yeye amechapia wapi?" Mzee Ngiri akauliza.

"Alinunua printa kwa Ngedere. Nyeusi, mbaya, nzito, lakini inachapa."

Mzee Ngiri hakumwangalia Bi Nungunungu. Aliangalia chini, na afadhali angemwangalia.

Bi Nungunungu akapiga magoti. "Basi andika tu kwamba tulifika. Andika kwamba wenyewe walikuja na jua bado. Mstari mmoja tu, mwanangu."

"Mama," Korongo akasema, "hata mimi nikiandika kwa mkono, nani ataupokea?"

Na jua likafika utosini.

Ijumaa wakahama. Hawakuwa na vitu vingi, lakini walikuwa na watoto wengi, na watoto walitaka kujua kwa nini kijito hakiji nao. Bi Nungunungu alitembea mwisho kabisa. Alikuwa anangoja mtu wa kumtukana. Mmoja angempa neno moja baya angepumua. Kila aliyepita alisema, "Pole, Bi Nungunungu, umejitahidi."

"Nitukane!" akamwambia Mama Kanga. "Nakuomba, shoga, nitukane. Nipige hata!"

"Nikutukane kwa lipi," Mama Kanga akasema, "na mtu wa kwanza kuila hiyo njano ni mimi?" Wakakumbatiana palepale njiani, miiba na manyoya, wakalia.

Walipofika mgongoni mwa kilima wakasikia nyuma yao, chubwi! Kiboko ameingia kijitoni. Hakuna aliyegeuka. Mzee Ngiri akasimama, akashusha mzigo, akamngoja Bi Nungunungu amfikie.

"Mwanangu," akamuuliza, "wewe ndiye msomi wetu. Sasa tunakwenda wapi?"

Bi Nungunungu akamsaidia kujitwika mzigo tena. Alikuwa hajui.

Basi mmesikia, wakubwa na wadogo. Ukichagua chombo, kichague kwa kazi utakayokifanyia, si kwa macho ya watakaokiona. Uliza kinakula nini kabla hujakibeba, uliza chakula chake kinapatikana wapi na kwa bei gani, na namba yake uijue. Na kazi ya wengi ikiwa mikononi mwako, ifanye hiyo kwanza, mambo ya picha yangoje. Bi Nungunungu alikuwa na moyo mzuri na mwandiko mzuri, na vyote viwili havikumsaidia.

Hadithi yangu imeishia hapo walipoishia wao, njiani. Anayetaka mwisho mwingine autafute mwenyewe, mimi sinao.