Aliyeshika Kiti cha Zimwi

Hapo zamani, wala si zamani ya kuhesabiwa kwa vizazi, ni zamani hii ya karibu ambayo kila mtu alikuwa na simu na hakuna aliyekuwa na bando la kutosha, palikuwa na watu wanne katika mji mmoja wa milimani, Upareni, waliokuwa na nchi yao ambayo haipo.

Haipo kweli. Waliichora wenyewe kwenye karatasi sita za manila zilizobandikwa kwa gundi. Wakaipa mito, wakaipa milima, wakaipa mji mkuu uitwao Mwambani. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya waliitandaza juu ya meza ya ukumbi wa kanisa, wakakaa kuizunguka, wakaingia ndani yake kwa maneno matupu. Mmoja alisimulia, watatu waliishi humo. Palipokuwa na shaka, kwamba huyu ataruka mto au atatumbukia, walirusha dadu ya pande ishirini, na dadu ndiyo iliyoamua.

Msimulizi alikuwa Mwalimu Eliamani wa shule ya msingi. Mbonea, fundi pikipiki, ndani ya mchezo alikuwa Tindo wa kabila la Wapasuamwamba, watu wafupi wenye ndevu hadi magotini, wanaoishi chini ya ardhi. Namkunda, msusi, alikuwa Umande wa kabila la Masikio, watu wembamba wa msituni wenye masikio marefu kama majani ya mahindi, ambao wasipouawa huishi miaka mia saba. Na Bizoza, mwoka mikate aliyehamia pale kutoka Kigoma, alikuwa Kishindo wa kabila la mazimwi.

Mazimwi hakuna aliyewataka. Kitabu cha kanuni za mchezo kilisema kwamba zimwi huzaliwa mbaya, huishi mbaya, hufa mbaya. Bizoza alipoulizwa kwa nini amechagua kabila hilo, alijibu, "Ndio wanaofukuzwa kila kijiji. Nataka nione mwisho wao."

Sasa, ufunguo wa ukumbi ulikuwa kwa Mama Nakijwa. Alikuwa mjane aliyesoma hadi darasa la saba, mwenye sala ya asubuhi na ya jioni, na hakuwahi kukosa meza ya Bwana tangu kipaimara. Alifagia ukumbi, akawaachia chai ya chupa, na mara nyingine alisimama mlangoni kusikiliza, akatoka kichwa kinamzunguka.

Siku moja alimkuta Namkunda amefura kwa hasira juu ya simu.

"Mama Nakijwa, watu wanatukanana mtandaoni! Tamthilia mpya ya kule nje imemweka mtu mweusi acheze mtu wa masikio marefu kama Umande wangu. Wanasema watu wa Masikio hawawezi kuwa weusi."

"Nani amewaona hao watu wa Masikio?"

"Hakuna, mama."

"Basi wanagombania rangi ya nani?"

Mbonea akacheka hadi akapaliwa. "Mama, hiyo ndiyo habari kubwa ya wiki. Ya pili ni hii hapa: kuna nchi imewafukuza watu elfu nne kwa siku mbili, eti wote ni wezi. Hao ni watu kweli, lakini habari yao haina maoni mengi."

Mama Nakijwa alirudi kwenye ufagio wake asijue acheke au aombe.

Na tuseme ukweli wote. Miezi mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, alikwenda kwa Mchungaji akamwambia kwamba vijana wale wanaita mapepo ukumbini. Mchungaji alikuja, akaitazama ramani muda mrefu, akauliza mji mkuu huo una vyoo wapi, akanywa chai, akaondoka. Vijana hawakujua nani aliyewasemea. Kila Jumamosi Mama Nakijwa aliwamiminia chai na kila Jumamosi alikusudia kuwaambia. Hakuwaambia.

Mchezo ule ulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: kila kitu kwenye ramani kiliandikwa kwa penseli, lakini hadithi kubwa ilipokwisha, jina moja, moja tu, liliandikwa kwa wino usiofutika, na kabila la mwenye jina lile lilipata makazi pale milele. Ya pili: kiti hakikai kitupu. Asiyekuwepo hushikiwa kiti na mwingine, naye mshika kiti anacheza kwa karatasi ya mwenzake yenye sifa za mhusika wake, ila asigeuze karatasi ile. Nyuma yake pana siri ya mwenye kiti, aijuayo yeye na msimulizi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mwalimu Eliamani amehamishiwa Sumbawanga, anaondoka Jumatatu. Na Bizoza hayupo. Amekwenda Kigoma kutafuta cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mahali alipoomba kitambulisho wameliangalia jina lake, wakamwangalia yeye, wakamwambia alete uthibitisho kwamba ni raia.

"Mama Nakijwa," akasema Mwalimu, "tushikie kiti."

"Mimi? Niwe zimwi? Nyumbani mwa Bwana?"

"Ukumbini, mama. Kanisa liko kule."

Angekataa. Lakini alikumbuka lile la Mchungaji, akaona labda Mungu anampa nafasi ya kulipia kosa. Akajifuta mikono, akakaa.

Mambo yalikuwa hivi. Juu ya Mwambani palikuwa na ndiva, bwawa la kuhifadhia maji ya mashamba kama ndiva zetu za Upareni. Zamani ukuta wake ulitobolewa. Maji yakamwagika, mavuno yakaenda, watu wakafa. Mji mzima ulisema ni mazimwi. Sasa mvua kubwa zinakuja, ufa umefunguka tena, na Malkia wa Mwambani ametangaza: atakayeuokoa mji atapewa ardhi ya kando ya ndiva, yeye na kabila lake lote.

Tindo akashuka kwenye ufa na patasi yake. Mbonea akarusha dadu. Dadu ikabiringika, ikasimama. Jiwe limekaa mahali pake, lakini limeusaga mkono wa Tindo. Mkono hautapona.

Umande akasimama mbele ya maji yanayosukuma. Namkunda akasema, "Natoa miaka yangu. Nayazuia mpaka udongo wa kuzibia ukauke." Akarusha dadu. Dadu ikabiringika, ikasimama. Maji yamesimama, lakini yamekula miaka mia sita. Umande amebakiwa na umri wa binadamu.

"Na wewe, Kishindo?" akauliza Mwalimu.

Mama Nakijwa akatazama huku na huku. "Mimi… mimi nabeba mawe."

"Rusha dadu."

Akarusha. Dadu ikabiringika, ikasimama. Kishindo amebeba mawe hadi mwisho, mgongo umechubuka.

Hapo Mwalimu alitoka nje kupokea simu ya watu wa lori la mizigo, Mbonea na Namkunda wakasimama kumimina chai. Mama Nakijwa akabaki na karatasi mbele yake. Kwa miaka miwili alikuwa akijiuliza nyuma ya karatasi hizi pana nini, kama si majina ya mapepo. Mkono ukaenda wenyewe. Akaigeuza.

Hapakuwa na jina la pepo. Palikuwa na mwandiko wa Bizoza: *Ni mimi niliyetoboa ndiva. Nilikuwa mtoto. Watu wa mji walikuwa wametukataza kuchota maji. Mdogo wangu alikuwa na kiu. Sijamwambia mtu.*

Akaifunika upesi. Chai ilikuja, hakuinywa.

Mwalimu akarudi, akakaa, akafanya sauti ya Malkia. "Mji umepona. Lakini kabla sijatoa zawadi, kuna deni la damu. Askari wangu wamekamata mazimwi arobaini bondeni, wake kwa waume, na watoto wao. Aliyetoboa ndiva hakuwahi kujulikana. Basi wote arobaini watasukumwa jangwani kesho, ambako hakuna maji. Yupo mwenye neno?"

"Malkia, waache," akasema Namkunda. "Ndiva imepona."

"Huna ushahidi, mtu wa Masikio."

"Malkia, ni mazimwi tu," akasema Mbonea kwa sauti ya Tindo, kisha kwa sauti yake mwenyewe, "Samahani jamani, Tindo yuko hivyo. Mazimwi walimla babu yake."

Mama Nakijwa alishika ukingo wa meza. Kichwani mwake mambo yalichanganyikana kama uzi uliochezewa na paka. Akinyamaza, anaficha dhambi, na watu arobaini wanakufa. Lakini watu hao hawapo. Akisema, anaungama dhambi isiyokuwa yake, ya mtu asiyekuwepo, aliyoijua kwa kuchungulia. Je, huo ni uongo? Je, ni toba? Katekisimu haikugusa jambo hili.

"Mwalimu," akauliza polepole, "zimwi ana roho?"

Mwalimu Eliamani alimtazama, akaelewa kwamba ameigeuza karatasi. Angeweza kuusimamisha mchezo. Hakuusimamisha.

"Leo roho yake ni wewe, mama."

Mama Nakijwa akasimama, kama asimamavyo Jumapili. "Ni mimi. Malkia, ni mimi Kishindo niliyetoboa. Nilikuwa mtoto, mdogo wangu alikuwa na kiu. Hawa arobaini hawana kosa. Mimi ndimi mwenye dhambi." Akalia, machozi kabisa, kwa ajili ya bwawa la penseli.

"Mama!" Mbonea aliruka. "Umesoma nyuma! Umemwua zimwi wa mwenzako!"

Mwalimu akairudia sauti ya Malkia. Kisha akasema: "Arobaini wafunguliwe. Naye Kishindo asiuawe, kwa kuwa mkono uliotoboa umebeba mawe ya kuziba. Lakini ardhi ni moja. Andikeni jina moja. Wengine, pamoja na hao arobaini jina lisipokuwa la kabila lao, waendelee na safari mahali pengine."

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Ni Tindo," akasema Mbonea. "Ukuta umeshikwa na nini? Na maneno? Umeshikwa na jiwe, na jiwe liliwekwa na Tindo, na mkono wake umebaki humo. Na yeye hakutoboa kitu maishani mwake."

"Ni Umande," akasema Namkunda. "Jiwe lako lingeoshwa kabla udongo haujakauka. Wewe umetoa mkono mmoja, una mwingine. Mimi nimetoa miaka mia sita. Ninayo mingine?"

"Basi tumpigie Bizoza," akasema Mwalimu. "Ni kiti chake."

Wakampigia, wakaiweka simu katikati ya ramani, juu ya milima, sauti ikiwa wazi. Mwalimu akamweleza yote. Ng'ambo ya pili palisikika jogoo na mtu akipiga nyundo.

"Mama Nakijwa," Bizoza akasema hatimaye. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Niligeuza."

"Mama, hayo maneno nimeyatunza miaka miwili. Niliyafanyia mazoezi nikikanda unga. Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuyasema." Nyundo ikapiga tena. "Au labda nisingeyasema. Sijui, mama. Labda ningekaa kimya niipate ardhi, nikaombe radhi baadaye. Sasa sitajua kamwe."



"Niko hapa siku ya nne," akaendelea. "Natafuta mtu mmoja wa kusema nilizaliwa kijiji hiki. Mkunga amefariki. Majirani wanaogopa kuandika majina yao. Huku nimekosa wa kunishuhudia, na huko umenishuhudia bila kuulizwa. Sijui nikushukuru au nikukasirikie. Lakini mniandikie Kishindo. Mazimwi wakae mahali, hata kama ni kwenye karatasi. Jamani, hata kama ni kwenye karatasi."

Mbonea akakuna kichwa. "Ndugu yangu, nakuonea huruma. Lakini Kishindo ndiye aliyetoboa! Aliyebomoa apewe nyumba, aliyejenga apewe safari? Na kuungama kwenyewe hakuungama yeye. Kaungama Mama."

"Basi aandikwe Mama Nakijwa," akasema Namkunda. "Ndiye aliyewaokoa wale arobaini. Sisi wawili tuliokoa mji, yeye aliokoa watu."

"Msiniandike!" Mama Nakijwa alipiga kelele. "Mimi? Ni mimi niliyewasemea kwa Mchungaji. Nilisema mnaita mapepo. Nimewanywesha chai miezi mitatu nikiwa nimewasemea."

Mbonea akakisukuma kando kikombe chake cha chai.

"Na hata leo," akaendelea Mama Nakijwa, sauti ikipungua, "sikusimama kwa ajili ya wale arobaini. Nimewafikiria baadaye. Nilisimama kwa sababu siri ilinikaba. Mimi siri hainikai, ikishaingia lazima itoke, iwe yangu au ya mtu. Kama karatasi ingesema Tindo ndiye aliyetoboa, ningemsema Tindo."

Mwalimu Eliamani akaitoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati. Msimulizi haandiki jina, ndiyo kanuni. Watatu wenye kabila hawakubaliani, na kila mmoja ana lake. Akamgeukia mtu pekee pale mezani asiyekuwa na kabila katika nchi ile.

"Andika wewe, mama. Utakaloliandika hatulifuti."

"Sijui, Mwalimu."

"Najua hujui."

Mama Nakijwa aliipokea. Akakiondoa kifuniko, akainama juu ya ndiva iliyochorwa, mahali palipoachwa peupe kando ya maji. Mbonea alimtazama mkono. Namkunda alimtazama mkono. Kwenye simu Bizoza alikuwa akipumua, na bando la simu ile lilikuwa linakwisha.

Ndugu zangu mliokaa hapa, msiniangalie mimi. Kuna aliyejenga, na hataki jirani aliyebomoa. Kuna aliyetoa miaka yake, na hakuna wa kumrudishia. Kuna aliyetoboa kwa kiu ya mdogo wake, akabeba mawe, na hajui kama angesema kweli. Na kuna aliyesema kweli isiyokuwa yake, aliyoipata kwa kuchungulia, kwa sababu ilimkaba. Nafasi ni ya jina moja, na wino haufutiki.

Je, mngekuwa ninyi mnaoishika kalamu ile, mngeandika jina la nani?