Zulia la Chifu Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, milango ya kupigiwa hodi na ugomvi wa majirani kama sisi, palikuwa na uwanda juu kabisa milimani. Baridi yake usiulize! Ukitoka nje asubuhi, pua inaganda kabla hujaamkia mtu.

Uwanda ule ulikuwa na bwawa moja tu. Maji yake yalitoka juu kwenye kinamasi, penye matete na tope jeusi tititi, yakashuka chururu, chururu, hadi bwawani. Na kipimo cha bwawa kilikuwa mguu wa Chifu Tembo. Kila asubuhi Chifu aliingia majini, akasimama palepale pa jana, akanguruma:

"Gotiniii!"

"Gotini, Chifu! Tumeshukuru!" wanyama wakaitikia, wakarudi makwao.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Bi Pimbi aliishi na wanawe kwenye miamba ya kando ya bwawa. Zamani alichota maji akiwa amekaa mlangoni. Sasa alishuka jiwe kwa jiwe, na kibuyu kikarudi na maji nusu, tena ya matope. Kitinda mimba wake midomo ilimpasuka, akawa analia kiu mchana kutwa. Moyo wa mama ukamuuma sana.

Akamwendea jirani yake, Chura.

"Bwana Chura, maji yanashuka nayaona. Mbona Chifu kila siku ni gotini tu? Au na goti linashuka?"

"Kwe! Linashuka, ndiyo!" Chura akasema. "Mimi si ndiye ninayekaa huko chini? Tope linammeza, zii, zii. Maji yakishuka, naye anazama. Hata yakibaki ya kunawa uso, atasema gotini!"

"Na hamjamwambia?"

"Nyati alimwambia. Akaitwa mchochezi, akafukuzwa barazani. Sasa mimi, mdogo kama kiganja, nikaseme nini?"

Bi Pimbi alipanda hadi kinamasini akajionee. Lo! Matete yameng'olewa, tope limepasukapasuka kwa jua, na kila mahali nyayo, pana kama sinia. Bi Pimbi akazitazama zile nyayo, akacheka peke yake.

Akawaita ndugu zake wote. Wakasukuma jiwe moja kubwa bapa, gudu, gudu, gudu, mpaka bwawani. Pwaa! Likatua palepale anaposimama Chifu.

Kulipokucha, wanyama wote wakakusanyika, na Nyati akasimama kwa mbali.

"Shikamoo, Chifu!" Bi Pimbi akaamkia.

"Marahaba, kijitu. Una nini leo?"

"Chifu, sisi akina pimbi tumeona haya. Mkubwa mzima kukanyaga tope kila siku! Tumekutandikia zulia la jiwe."

"Zulia?" Masikio ya Chifu yakapepea, pwa, pwa. "Machifu wa mabondeni wanalo?"

"Wale? Hata mkeka hawana!"

Chifu akavimba kwa furaha. Bi Pimbi akamsogelea kidogo.

"Ila kabla hujapanda, Chifu, kuna wanaonong'ona eti maji yamepungua. Akipatikana aliyeyapunguza, afanywe nini?"

"Arudishe alichoharibu kwa mkonga wake... ah, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka bwawa lijae!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa mama yangu mzazi!"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Chifu akapanda juu ya jiwe, puu! Akatoa kifua, akainua kichwa, wala hakujisumbua kutazama chini.

"Gotiniii!"

Hakuna aliyeitikia.

"Kwe!" Chura akashindwa kujizuia. "Chifu, goti lako limehamia kwenye kucha?"

Wanyama wakaangua kicheko. Chifu akainama, akaona. Maji yalikuwa yanamlamba kucha tu! Na miguu yake, iliyofichwa na maji na tope siku zote, leo ilikuwa hadharani, myeusi tii mpaka magotini.

"Tope jeusi lile," Nyati akasema kutoka kule mbali, "si la kinamasini? La hapa bwawani ni jekundu."

"Nilikuwa... nilikuwa naonja tu matete," Chifu akajikanyaga.

"Kinamasi kizima?" Bi Pimbi akauliza. "Matete yale ndiyo yaliyolitia kivuli tope, nalo likatutunzia maji. Mvua imekuwa haba, Chifu, lakini hata kidogo tulichopewa umekikausha wewe."

Masikio ya Chifu yakaanguka. "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nazama?"

"Ulikuwa unazama, Chifu, na sisi tunakushangilia."

Kisha Chifu akamwita Nyati arudi barazani, akapanda mlimani bila kusukumwa na mtu. Akapanda matete kwa mkonga wake, kutwa baada ya kutwa, na wengine wakamsaidia. Mvua ziliporudi, kinamasi kikazishika, na maji yakaanza kushuka tena, chururu.

Siku hizo Chifu alisimama juu ya jiwe, akainama akatazama vizuri, ndipo akasema, "Juu ya kucha, kidogo tu!" Wakamshangilia kuliko zamani, na kitinda mimba wa Bi Pimbi akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Basi wanangu, kabla hujawatangazia watu maji yamefika wapi, tazama kwanza umesimama wapi.