Fisi Alivyomfuga Mzee Kilonge

Paukwa!
Pakawa.
Mmeshiba?
Tumeshiba.
Basi mmemzidi Fisi.

Fisi alimnasa Sungura, kap! Akampapasa, akakuta mifupa mitupu.

"Nitakufuga unenepe," akasema. "Siku mama akija kunitembelea, tutakuchinja."

Sungura akainamisha kichwa kwa adabu. "Sawa, bwana. Lakini kufuga kuna masharti. Sungura asiyetunzwa hanenepi ng'o."

"Masharti gani?"

"Kwanza jina. Nipe la marehemu baba yako."

Fisi, ambaye kufikiri humchosha, akakubali. Sungura akaitwa Mzee Kilonge.

"Sasa Mzee Kilonge anataka majani mabichi, yaliyokauka umande."
Fisi akameza mate, gudu, akaenda kukata.
"Mzee Kilonge hali penye kinyesi. Fagia banda."
Fisi akameza mate, gudu, akafagia, fya fya fya.
"Mzee Kilonge hashikwi masikio. Mbebe kwa mikono miwili, umpeleke kivulini."
Fisi akameza mate, gudu, akambeba.

Ikapita miezi miwili. Sungura akaota mashavu. Fisi akabaki mbavu na lawama, maana kila alipotaka kwenda kuwinda, banda lilikuwa chafu.

Mama yake akafika. Fisi akanoa kisu, kwaru kwaru. "Mama, leo tunamla Mzee Kilonge."

"Tunamla nani?"

Sungura akachungulia kutoka bandani. "Karibu, mke wangu. Pole na safari."

Kwao mafisi, anayebeba jina la marehemu ndiye marehemu. Mama alikuwa amemlilia mumewe miaka saba. Akalia tena, safari hii kwa furaha, kisha akamgeukia mwanawe.

"Unamnolea baba yako kisu? Kiweke chini. Mletee maji."

"Mama, huyu ni Sungura. Tazama masikio."

"Hata wewe ulizaliwa na masikio ya ajabu, na hatukukuchinja."

Fisi akameza mate, gudu, akaenda kisimani.

Mlango wa banda uko wazi mpaka leo. Sungura hana haraka.

Hadithi imefika kwake, nami naenda kwangu. Kama ni tamu, tumekula wote. Kama ni chungu, mpelekeeni Fisi, hajala.

Funzo, maana wazazi wenu wataniuliza: kufuga mnyama hutufundisha upendo. Fisi amejifunza. Amependa mpaka meno yamelegea.