Raya na Msimu wa Saba

Ukili haulaliwi. Ndiyo maneno mliyoyasikia leo, wajukuu zangu, mkataka kujua yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwepo mwanamke mzaliwa wa Micheweni akiitwa Raya Khatibu, akisomea udaktari wa falsafa, ule usomi ambao mtu huandika kitabu kizima kisha wakubwa wa chuo wakamhoji. Chake kilihusu maradhi ya mwani. Misimu sita alishuka pwani kupima, na kila akimaliza husema, bado mmoja. Ikamjia barua: asipokabidhi kitabu ndani ya miezi mitatu, jina lake linafutwa. Hata hivyo akafunga mkoba kwenda kupima msimu wa saba, akafikia kwao Micheweni kwa shangazi yake, Bi Mize, msuka mikeka.

Alimkuta na bunda la ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Raya akashangaa urefu wake.

"Kitendawili," akasema shangazi.

"Tega."

"Ninao wa kuzunguka nyumba, na bado nalala chini."

Raya akataja njia, akataja kivuli, akataja ukuta. Akashindwa.

"Nipe mji."

"Chukua Wete."

"Nimekwenda Wete, nimekula, nimeshiba, wenyeji wamenitandikia. Jibu ni ukili. Uwe mrefu vipi, haulaliwi mpaka ushonwe. Na wewe, huo mwani wa saba utakwambia nini ambacho wa sita haukusema?"

 Raya akakiri kwamba si mwani uliokuwa ukimrudisha pwani, ni woga wa kuulizwa asilolijua.

"Watakuuliza tu, mwanangu, hata ukienda na misimu arubaini."

Wakaafikiana kwamba pwani hashuki tena. Kila asubuhi baada ya chai, Bi Mize ashone, Raya amsomee alichoandika jana. Shangazi hakufahamu hata nusu yake, lakini aliuliza. Na siku Raya asipokuwa na la kusoma, Bi Mize huweka sindano chini, wakatazamana. Hilo lilimuuma Raya kuliko barua ya chuo.

Kitabu kilifika chuoni zikiwa zimesalia siku nne. Kwenye mahojiano, mzee mmoja akamuuliza kwa nini hakupima na msimu wa saba.

"Huo siujui, mwalimu. Hii sita naijua."

Wakanong'onezana. Wakampa marekebisho machache, wakamwita daktari.

Tangu hapo Micheweni, mtu akikusanya na kukusanya, kila siku bado kidogo, huambiwa: ukili haulaliwi.